Amos Alonzo Stagg: kocha aliyetaka timu ipimwe baada ya miaka 20

Tarehe 17 mwezi wa tatu mwaka wa 1965, mzee wa miaka 102 alifariki dunia mjini Stockton, katika jimbo la California, Marekani. Aliitwa Amos Alonzo Stagg. Alifundisha mpira kwenye vyuo vya nchi hiyo kwa karibu miaka 70, na kila anayemtaja huanza na hesabu ileile: ushindi wa mechi 314. Kwa muda mrefu hesabu hiyo ilitajwa kama rekodi, mpaka mwaka wa 1981, Bear Bryant wa Chuo Kikuu cha Alabama alipofikisha ushindi wa 315.

Stagg mwenyewe alikuwa na hesabu nyingine. Inasimuliwa kwamba aliulizwa siku moja, mwisho wa msimu, kama timu yake ya mwaka huo ilikuwa nzuri. Alijibu kwamba hawezi kujua bado. Waulize tena baada ya miaka 20, wakati itakapoonekana vijana wale wamekuwa watu wa namna gani.

Ni jibu zuri, na kocha ambaye anashinda anaweza kulitoa bila hofu. Lakini Stagg aliishi maisha marefu kiasi kwamba hiyo miaka 20 ilipita mara tatu mbele ya macho yake. Kwa hiyo kipimo alichokichagua kinaweza kutumiwa juu yake pia, na matokeo yake hayafanani na yale ya ubao wa pointi.

Mpira unaozungumziwa hapa si kabumbu inayochezwa Goma au Lubumbashi. Ni mpira wa Kimarekani: wachezaji 11 kila upande, mpira wenye ncha mbili unaobebwa mikononi, na kazi ya wapinzani ni kumkamata anayeubeba na kumwangusha chini. Nchini Marekani mchezo huu haukukulia kwenye klabu. Ulikulia kwenye vyuo vikuu, na hadi leo viwanja vya vyuo vingine hupokea watu zaidi ya 100,000 siku ya mechi. Kocha wa chuo kikubwa hujulikana kuliko maprofesa wote wa chuo hicho, na mara nyingi hulipwa kuliko mkuu wa chuo. Hali hiyo ilianza mahali fulani, na Stagg alikuwa mmoja wa walioianzisha.

Alizaliwa tarehe 16 mwezi wa nane mwaka wa 1862 huko West Orange, jimbo la New Jersey, wakati Wamarekani walikuwa wanapigana wao kwa wao katika vita vya kuondoa utumwa. Baba yake alikuwa fundi viatu, na nyumba ilikuwa na watoto wengi na feza kidogo. Kijana alifika Chuo Kikuu cha Yale akiwa na nia ya kuwa mchungaji. Alikaa katika chumba cha baridi, akila kidogo sana ili masomo yaendelee, mpaka mwili ukadhoofika. Katika besiboli, mchezo wa kurusha na kupiga mpira kwa fimbo, alikuwa mrushaji hodari, na timu za kulipwa zilimtaka. Alikataa feza hizo. Katika mpira wa Kimarekani alikuwa mmoja wa kikosi cha Yale cha mwaka wa 1888, ambacho kilicheza mechi 13, kikapata pointi 698, na hakikufungwa hata pointi moja. Mwaka uliofuata jina lake liliandikwa katika orodha ya kwanza kabisa ya wachezaji bora wa Marekani yote.

Uchungaji haukuwezekana. Stagg aliona kwamba hana kipaji cha kusimama mbele ya watu na kuhubiri, akaacha masomo ya dini. Mwaka wa 1890 alikwenda kufundisha michezo katika shule ya YMCA huko Springfield, jimbo la Massachusetts. Hapo alikuwa pamoja na James Naismith, ambaye mwishoni mwa mwaka wa 1891 aligundua mpira wa kikapu. Mwezi wa tatu mwaka wa 1892 mchezo huo mpya ulionyeshwa kwa watu kwa mara ya kwanza, walimu wakicheza na wanafunzi wao. Walimu walipigwa 5 kwa 1. Ile 1 ilikuwa ya Stagg.

Mwaka huohuo maisha yake yaligeuka. William Rainey Harper, aliyekuwa profesa wake kule Yale, alipewa kazi ya kuanzisha Chuo Kikuu cha Chicago kwa feza za tajiri wa mafuta John D. Rockefeller. Harper alitaka chuo kipya kijulikane haraka, na aliona kwamba timu inayoshinda italifikisha jina la chuo mbali kuliko vitabu. Alimpa Stagg mshahara wa dola 2,500 kwa mwaka na cheo cha profesa ambaye hawezi kufukuzwa. Kocha mwenye cheo cha namna hiyo hakuwahi kuonekana Marekani. Stagg alikuwa na miaka 30. Wachezaji walikuwa wachache sana msimu wa kwanza hivi kwamba kocha mwenyewe aliingia uwanjani kucheza.

Alikaa Chicago miaka 41. Alikuwa mtu wa desturi ngumu: hakunywa pombe, hakuvuta sigara, hakutukana. Hasira ikimzidi alimwita mchezaji punda, na aliyekosea sana aliitwa punda mara mbili. Wachezaji wa zamani waliendelea kuyasimulia hayo wakicheka hata walipokuwa wazee. Kichwa chake hakikuacha kutafuta njia mpya. Anasifiwa kwa kutengeneza gunia la kufanyia mazoezi ya kuangusha mtu, kwa kuwapa wachezaji namba mgongoni, na kwa mbinu nyingi za kumdanganya mpinzani ambazo hutumiwa mpaka sasa. Mke wake Stella, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo hicho na ambaye walioana mwaka wa 1894, alikuwa anaketi na daftari akichora mwendo wa timu pinzani. Chicago ilichukua ubingwa wa kanda yake mara 7.

Mechi kubwa kuliko zote ilichezwa mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja mwaka wa 1905. Timu ya Michigan ilikuwa imepitisha mechi 56 bila kupigwa. Walikuja Chicago mbele ya watazamaji zaidi ya 25,000, na pande zote mbili zilishindwa kupata pointi mpaka mchezo ulipokaribia mwisho. Ndipo Chicago walipiga mpira mbali, mchezaji wa Michigan aitwaye Denny Clark akaudaka nyuma ya mstari wa kwao, akajaribu kukimbia nao. Wachezaji wa Chicago walimkamata na kumwangusha palepale. Kwa sheria za mchezo, hapo mpinzani hupewa pointi 2. Mechi iliisha 2 kwa 0, na Stagg akawa bingwa wa Marekani.

Clark alibebeshwa lawama mjini, magazetini na shuleni. Alikuwa kijana aliyefanya kosa la sekunde chache. Mwaka wa 1932, miaka 27 baadaye, alijiua, na magazeti yaliyotangaza kifo chake yalirudi kwenye mechi ile. Hakuwa mchezaji wa Stagg, na hakuna anayeweza kumlaumu Stagg kwa mwisho wake. Lakini mtu akipima mchezo kwa yale yanayowapata vijana baada ya miaka 20, hawezi kuhesabu vijana wa upande mmoja tu.

Msimu huohuo wa 1905 ulikuwa na mambo mabaya zaidi. Wachezaji walikuwa wanasukumana kwa makundi, wamefungana mikono, bila kofia ngumu kichwani, na gazeti moja la Chicago lilihesabu vifo vya vijana 18 hivi nchini kote katika mwaka mmoja. Rais Theodore Roosevelt aliwaita wakuu wa michezo wa Harvard, Yale na Princeton ili wausafishe mchezo. Vyuo vingine vilitaka kuufuta kabisa. Stagg, ambaye alikuwa katika kamati ya sheria, alikuwa upande wa kurekebisha. Mwaka wa 1906 sheria mpya zilitoka, na kubwa kati yao iliruhusu mpira kurushwa mbele. Wachezaji walitawanyika uwanjani, msongamano ukapungua. Vifo havikuisha mara moja, lakini mchezo wa kusukumana mpaka kuvunjana shingo ulianza kufa. Katika kazi zake zote, hiyo inastahili kutajwa kabla ya kombe lolote.

Sasa ni zamu ya nyota wa ile timu ya 1905, Walter Eckersall. Alikuwa mdogo wa mwili, mwepesi, na alipiga mpira kwa mguu kwa namna ambayo watu walisafiri kwenda kuitazama. Darasani mambo yalikuwa tofauti. Mwanahistoria Robin Lester, ambaye kitabu chake juu ya Stagg na chuo hicho kilitoka mwaka wa 1995, alichimba kumbukumbu za shule na kuonyesha mwanafunzi ambaye alisukumwa kutoka msimu mmoja kwenda mwingine bila masomo kusonga. Miaka yake ya kucheza ilipokwisha, aliondoka bila diploma. Aliandika habari za michezo kwenye gazeti la Chicago Tribune, akawa pia mwamuzi, na alikufa mwaka wa 1930 kabla ya kufika uzee.

Eckersall hakuwa peke yake, na hapa ndipo sifa ya Stagg inapoguswa kweli. Mtu aliyehubiri kwamba mpira ni shule ya tabia alikuwa pia mtu aliyejenga mashine. Idara yake ilikuwa na mfuko wake, na hesabu alizipeleka kwa mkuu wa chuo, si kwa maprofesa. Wachezaji walitafutiwa kazi nyepesi na meza yao ya chakula. Kuanzia mwaka wa 1902 alialika shule za sekondari kuja Chicago kushindana katika mbio, na wale hodari walipewa sababu za kurudi kama wanafunzi. Mwaka wa 1923 aliandika kwa ukali dhidi ya mpira wa kulipwa, akisema utaharibu vijana. Wakati huo huo tiketi za mechi zake zilikuwa zinaleta feza nyingi kila Jumamosi, na vyuo vingine vilikuwa vinajifunza kutoka kwake namna ya kuzikusanya. Aliamini kwa moyo wote kwamba feza ile ilikuwa safi kwa sababu yeye hakuitia mfukoni. Ni kweli hakuitia mfukoni. Lakini aliowafundisha njia hiyo hawakuwa wote na tabia yake.

Upande wa pili wa mizani una watu pia. Jesse Harper, aliyecheza chini ya Stagg, alikwenda kufundisha Notre Dame, na huko akamlea Knute Rockne, ambaye jina lake likawa kubwa kuliko la waalimu wake wote. Fritz Crisler alicheza Chicago, akawa msaidizi wa Stagg kwa miaka kadhaa, kisha akawa kocha wa Minnesota, wa Princeton na wa Michigan. Makocha wengi sana walitoka mikononi mwa mzee huyo.

Mwaka wa 1929 chuo kilipata mkuu mpya, Robert Maynard Hutchins, mwenye miaka 30, ambaye hakuona kazi ya mpira mahali pa kusomea. Stagg alipofikisha miaka 70, mwaka wa 1932, aliambiwa muda wa kustaafu umefika. Walimwekea kazi nyingine ya heshima, ya kulitangaza jina la chuo. Aliikataa. Alitaka kufundisha vijana, na kama Chicago haimtaki, atakwenda mahali pengine.

Alikwenda California, kwenye chuo kidogo cha Pacific, mjini Stockton. Huko hakukuwa na Rockefeller wala wachezaji wa kuchagua. Alifundisha miaka 14, kutoka 1933 mpaka 1946. Timu yake ilishinda mechi 60, ikapigwa mechi 77, na mechi 7 ziliisha sare. Kocha wa leo mwenye hesabu kama hizo angefungasha mizigo mwaka wa tatu. Hata hivyo, ni katika miaka hiyo ya kupigwa ambapo Marekani yote ilianza kumwita Mzee Mkuu wa mpira.

Mwaka wa 1938 aliirudisha timu yake mpya Chicago, kwenye uwanja ambao tayari ulikuwa unaitwa kwa jina lake, Stagg Field. Pacific iliipiga Chicago 32 kwa 0. Mwaka uliofuata Chicago iliangushwa na Michigan 85 kwa 0, na kocha wa Michigan siku hiyo alikuwa Fritz Crisler, mwanafunzi wa Stagg. Mwishoni mwa mwaka huohuo wa 1939 Hutchins aliufuta mpira katika chuo chake. Mashine ambayo Stagg aliijenga kwa miaka 41 ilifungwa, huku ile aliyowafundisha wengine ikiendelea kukua.

Uwanja ulibaki mtupu, na hapo historia ya Kongo inaingia. Tarehe 2 mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 1942, katika chumba chini ya majukwaa ya Stagg Field, Enrico Fermi na wenzake waliwasha kinu cha kwanza cha nyuklia duniani. Mradi ule wa siri wa Wamarekani, ambao ulizaa mabomu ya Hiroshima na Nagasaki, ulipata sehemu kubwa ya madini yake ya uranium kutoka Shinkolobwe, Katanga. Wachimbaji wa Katanga hawakuambiwa mawe yale yanakwenda kufanya nini. Stagg naye hakuwa na habari. Alikuwa na miaka 80 na alikuwa anafundisha vijana wa Stockton, mbali sana na Chicago.

Mwaka wa 1943, jeshi la Marekani lilituma vijana wa mafunzo ya wanamaji kwenye chuo cha Pacific, na kwa mara moja Stagg akawa na wachezaji wenye nguvu. Pacific ilizipiga timu za California na UCLA. Makocha wenzake walimchagua kocha bora wa mwaka. Alikuwa na miaka 81.

Katika msimu wake wa mwisho pale, mwaka wa 1946, alimpokea kijana wa miaka 16, mfupi, aitwaye Eddie LeBaron, akampa nafasi ya kuongoza mashambulizi. Miaka 20 baadaye kijana huyo alikuwa amekwisha kupigana vita vya Korea kama mwanajeshi wa majini, akajeruhiwa na kupewa nishani. Alikuwa amecheza miaka mingi kwenye mpira wa kulipwa, ule ule ambao kocha wake aliulaani. Na alikuwa mwanasheria. Kwa kipimo cha Stagg, LeBaron ni ushindi mkubwa. Kwa ubao wa pointi, aliutoka mwaka ambao mzee alikuwa anaonyeshwa mlango tena.

Maana Pacific nao walimwambia inatosha, wakampa kazi ya ushauri. Akafanya kama alivyofanya Chicago. Akiwa na miaka 84 alihamia Selinsgrove, Pennsylvania, ambako mwana wake Amos alikuwa kocha wa chuo cha Susquehanna, na wakafundisha pamoja. Mwaka wa 1951 timu yao ilimaliza msimu bila kupigwa. Mwaka huohuo jina lake liliingizwa katika jumba la kumbukumbu la mpira wa vyuo, kama mchezaji na kama kocha, na mwaka wa 1959 likaingizwa pia katika lile la mpira wa kikapu.

Afya ya Stella ilipoanza kupungua, aliacha kazi ya Pennsylvania na kurudi Stockton kuwa karibu naye. Hata hapo hakukaa nyumbani. Alikwenda kwenye chuo cha mtaa kuwafundisha wapiga mpira kwa mguu, na aliendelea mpaka mwaka wa 1960, alipokuwa na miaka 98. Stella alifariki mwaka wa 1964, baada ya karibu miaka 70 ya ndoa. Yeye alimfuata mwaka uliofuata.

Majukwaa ya Stagg Field yalibomolewa mwaka wa 1957, na maktaba kubwa ya chuo imesimama sehemu hiyo leo. Mpira ulirudi Chicago mwaka wa 1969, lakini mdogo, bila kelele. Kombe la bingwa wa kanda yake ya zamani lilipotengenezwa mwaka wa 2011, liliandikwa majina mawili: la Stagg na la Joe Paterno wa Penn State, aliyekuwa na ushindi zaidi ya 400. Kabla hata halijashindaniwa, ikajulikana kwamba msaidizi wa zamani wa Paterno alikuwa amedhulumu watoto kwa miaka mingi. Jina la Paterno liliondolewa. La Stagg lilibaki.

Kuna pia fainali ambayo tangu mwaka wa 1973 huitwa kwa jina lake. Haichezwi na vyuo vikubwa vya viwanja vya watu 100,000. Ni fainali ya vyuo vya daraja la tatu, ambavyo haviruhusiwi kumpa mwanafunzi feza za masomo kwa sababu ya mpira. Wanaocheza hapo wamejilipia masomo yao kama wengine, na Jumatatu wanarudi darasani.